Chano Kilichorudi Kimejaa

Paukwa!
— Pakawa!
Nyie wa nyuma mmeitika kama mnaumwa. Paukwa!
— Pakawaaa!

Haya, sasa tuko pamoja. Zamani hizo, kabla bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji huko bara, mbali na kila njia. Habari yake naisimulia nikiwa nimeinamisha uso, maana ni habari ya aibu, na aibu yenyewe ni ya watoto kama nyie.

Wanaume wa kijiji kile walikula pamoja, nje. Jua likizama, kila nyumba ilileta chano chake, sinia la mti, na ugali wake na mboga yake. Wanaume huku, wavulana kule. Hakuna aliyekula cha kwao. Ulikula cha jirani, naye akala chenu. Mkono huku, mkono kule, tofe! mdomoni. Na kila chano lazima kimegwe, japo tonge moja. Chano kikirudi kizima jioni tatu, basi nyumba ile ina sumu. Na nyumba yenye sumu ilifukuzwa.

Hapo kijijini aliishi mjane, Mama Mihayo. Mumewe hakuwapo tena, hivyo chano chake kiliwekwa upande wa wavulana, alikokaa mwanawe Mihayo. Mwaka ule nguruwe pori walimlia mahindi yote. Mama akabaki na mtama. Twa! twa! twa! Akatwanga, akasonga. Ugali ukatoka mweusi tii.

Skuli, Mihayo alisoma na Kapela, kijana wa maneno mengi.

"Mihayo, kwenu mnakula udongo wa kukandikia nyumba?"

Hi! hi! hi! Darasa zima. Wewe unayecheka hapo, hata wewe ungecheka, nakujua.

Kapela akawanong'oneza wenzake: "Jioni tusikiguse chano chao. Tumwone atafanyaje."

Jioni hawakukigusa. Chano kikarudi kimejaa. Mama akakipokea.

Jioni ya pili hawakukigusa. Chano kikarudi kimejaa. Wakubwa wakaanza kutazamana. "Mbona watoto wanakiogopa?"

Jioni ya tatu hawakukigusa tena, na kabla hata chakula hakijaisha, baba yake Kapela akasimama na fimbo yake, akamwita mama yule.

"Mama Mihayo, funga mizigo. Alfajiri uwe umeondoka."

"Baba Kapela, nimekosa nini?"

"Waulize watoto wanaokikimbia chano chako."

Mama Mihayo akajifunika uso kwa nguo yake. Mihayo akatazama chini. Na Kapela? Alitaka kumwonea Mihayo tu. Kumfukuzisha mama wa watu hakukuwaza kabisa.

Basi akainuka Babu Masunzu. Mzee kibogoyo, mpenda mzaha, mpenda chakula. Akajikokota mpaka upande wa wavulana. Puu! Akaketi. Akamega ugali mweusi, tofe!

Wanaume wakaguna. "Babu, wewe umeshakula chumvi nyingi. Kufa huogopi. Hiyo si hoja."

"Kweli," akasema Babu. "Mdomo wangu hautoshi. Aliyeanza kukikataa, ndiye akimege."

Hakumtazama mtu. Akatafuna. Akatafuna. Mtu asiye na meno, atatafuna mpaka lini? Akaendelea kutafuna, nacho kijiji kizima kikamngoja.

Kapela akainuka. Akanyoosha mkono. Baba yake akamdaka: "Usiguse! Unataka kufa?"

"Baba, hakina sumu. Ni sisi. Tuliucheka weusi wa ugali. Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu wasimege."

Mkono wa baba ukalegea. Fimbo ikaanguka, kwa! Mtu mzima yule akakosa pa kuuweka uso wake.

Kapela akamega. Akatia mdomoni. Lakini kwa aibu, ugali haukushuka. Machozi yakamtoka mbele ya wenzake wote, naye akatamani ardhi ipasuke.

Mama Mihayo akamwona. Akaja, akainama, akamsogezea bakuli la mboga.

"Chovya, mwanangu. Mkavu hivyo utakukwama."

Jamani. Angempiga kofi ingekuwa nafuu.

Mama Mihayo hakuondoka tena kijijini. Asubuhi Kapela alimngoja Mihayo njiani waende skuli pamoja. Mihayo akapita. Hakumtukana, wala hakumngoja. Kapela akafuata nyuma mpaka skuli. Ikawa hivyo mwaka mzima, na Kapela hakuthubutu kulalamika.

Basi sikilizeni, wanangu. Usimcheke mwenzio kwa alichopikiwa na mama yake. Wewe utakuwa unatania. Wakubwa watakisikia kicheko chako na kukifanya hukumu, na anayehukumiwa ni mama wa mtu.

Hadithi yangu naiketisha hapo. Haya, nendeni mkanawe mikono.