Gari Lisilozama

Kaeni, wapendwa. Na wewe wa blanketi pale nyuma, usijifiche, nimeshakuona. Sikulaumu. Mimi mwenyewe nimeamka nikakuta maji ya kunawa yameganda kwenye ndoo, na majani ya uani yamekakamaa yakawa yanalia chini ya viatu. Sisi watu wa milimani tukishuka mabondeni tunapenda kujisifu kwamba baridi tunaijua. Haya, leo nawapeleka mahali ambapo baridi yetu hii wenyewe wangeiita kiangazi.

Alikuwapo dereva mmoja, mtu wa milima kama hii yetu. Jina lake tumwachie mwenyewe. Alianza na katapila la kuchonga barabara, baadaye akapewa lori la kubeba viazi. Na ninyi mnazijua barabara zetu masika yakikolea. Magari ya wenzake yalilala njiani, watu wakisukuma, tope limewajaa hadi kwenye nyusi. Yeye alipita. Aliyemuuliza siri yake alijibiwa hivi: "Kwenye tope husimami. Ukisimama umekwisha. Kanyaga mafuta mpaka uone ng'ambo."

Kwa tope la kwetu, hiyo ni kweli kabisa. Ninyi vijana mnaotaka leseni, ishikeni.

Basi bahati ikamwangukia. Ndugu yake mmoja akamtafutia kazi ughaibuni, nchi ya kaskazini huko ambako theluji huanguka mpaka ikafunika milango ya nyumba. Lilikuwa shamba la kondoo, milima mitupu, nyumba moja hapa na nyingine mbali kule. Mwenye shamba alikuwa mwanamke, akiishi na baba yake mzee, na huyo mzee ndiye aliyekuwa mchungaji. Mchungaji wa kondoo wenye manyoya, msinitazame mimi.

Dereva wetu akakabidhiwa gari la ajabu. Halikuwa na tairi hata moja. Lilitembea kwa mikanda miwili mipana ya mpira, iliyozunguka kama ile minyororo ya katapila lake la zamani. Akalizunguka, akaligonga ubavuni, akakuna kichwa.

"Mama," akamwambia mwenye shamba, "mimi mwenyewe nikikanyaga theluji hii nazama mpaka kiunoni. Chuma kizito hivi kitapitaje?"

"Kitapita," mama akamjibu. "Mikanda ni mipana, uzito unagawanyika. Wewe na vile viatu vyako unaikandamiza theluji kuliko gari hili."

Mmesikia hilo? Gari zima, na injini yake, na mzigo wake, linapita juu ya theluji ambayo mtu mzima anazama. Nani kati yetu asingelitaka? Mzee wa kanisa, naona unatabasamu. Ungelitaka, na hata mimi ningeliomba siku za Jumapili.

Dereva akalipenda gari lile kupita kiasi. Kila asubuhi alilipakia majani makavu ya kondoo, akapanda nalo vilima, akavuka makorongo yaliyojaa theluji, mahali ambapo farasi angebaki masikio tu. Akiwa njiani humkuta yule mzee anatembea kwa miguu, fimbo ndefu mkononi, anajikokota.

"Mzee, panda nikufikishe."

"Aa, nenda zako. Hiyo mashine inanipigia kelele masikioni."

Dereva hucheka, akakanyaga mafuta.

Sasa sikilizeni. Siku moja mzee alitoka mchana kwenda kuwateremsha kondoo wa malisho ya juu, na huku nyuma dhoruba ikaingia. Upepo ulivuma usiku kucha. Kulipopambazuka, dhoruba ilikuwa imetulia, lakini mzee hajarudi. Dereva akafungua mlango, akabaki ameduwaa. Nchi aliyoizoea haipo. Uzio haupo, lango halipo, barabara haipo. Kila kitu ni cheupe, chini kweupe na juu kweupe, hata hujui mbingu inaanzia wapi.

Yule mama alikuwa na macho mekundu kwa kutolala. "Majirani wanakuja kwa miguu kutoka upande wa pili," akasema. "Mimi nabaki na redio ya kuongea ili niwaelekeze wote. Wewe una gari, tangulia. Nenda mpaka ule ukuta wa mawe wa zizi la juu. Baba akizidiwa na upepo hujibanza pale pamoja na kondoo wake. Ukiukuta ukuta, umemkuta baba."

"Nitamleta, mama," akasema dereva, na alisema kwa moyo wake wote, maana alimpenda mzee yule. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani dereva huyu alikuwa mtu mbaya.

Akapanda. Gari likaunguruma, likatembea vizuri ajabu. Lakini dereva mwenyewe, akili haikutulia. Aliona mlima mbele, akakata kona, kumbe ni wingu. Aliona shimo, akapunguza mwendo, kumbe ni kivuli. Alijua pale pana mteremko, gari likaenda sawasawa bila kuinama. Akajiuliza, huu mteremko umekwenda wapi? Mteremko unahama? Akafika mahali tambarare, pazuri, papana, gari likateleza pale kama linapita kwenye sakafu ya ukumbi. Akatazama kulia, ukuta hakuna. Kushoto, hakuna. Akazunguka. Akarudi. Akazunguka tena.

Redio ikalia. "Dereva, umefika ukutani?"

"Sijauona ukuta, mama."

"Unaona nini?"

"Naona nyeupe."

"Nyeupe tunaiona wote! Upo wapi?"

"Mama, mimi sijui nipo wapi. Nilidhani nipo pale, lakini hapa ni tambarare."

Mama akapaza sauti. "Huko juu hakuna tambarare. Sijawahi kuona tambarare huko tangu nizaliwe. Simama. Zima gari, ushuke, uangalie vizuri."

Hapo ndipo dereva aliposhikwa na hofu. Asimame? Ashuke? Yeye, mtu wa masika, ambaye maisha yake yote amepona kwa kutosimama? "Mama, nikisimama nitakwama, na nikikwama mimi, mzee atasaidiwa na nani?"

Mnaona jinsi maneno yanavyoweza kuwa mazuri? Nikikwama mimi, mzee atasaidiwa na nani! Akakanyaga mafuta. Akapita pale tambarare tena, na tena, huku na huku, anapiga honi, anaita jina la mzee dirishani, na injini inanguruma kuliko sauti yake. Kila anapopita, theluji inazidi kushindiliwa, gari linazidi kwenda vizuri, na yeye anazidi kupotea. Jambo hilo likamchanganya kuliko yote. Inawezekanaje mtu apate njia laini hivi na bado asifike?

Niwaambie kilichomsimamisha. Ningependa kusema ni hekima, au ni huruma, lakini nitakuwa nawadanganya kanisani. Alibanwa na haja ndogo. Chekeni tu. Alikuwa amekunywa chai nyingi kwa ile baridi, akajizuia, akajikunja, akaimba, akashindwa. Akasimama. Na kwa kuwa mama alishamkataza tangu siku ya kwanza kushuka gari likiwa linaunguruma, akazima.

Aliposhuka pembeni alizama mpaka kifuani. Akabaki amesimama humo kama mti, mikono juu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kukawa kimya.

Akasikia kondoo anakohoa.

Akageuka kulia, hakuna kitu. Akageuka kushoto. Akatazama nyuma, akatazama mpaka mbinguni, maskini, maana hakujua pa kutazama. Kondoo akakohoa tena, na dereva akahisi sauti ile magotini kabla ya kuisikia masikioni. Ilikuwa inatoka chini yake.

"Mzee!" akapiga kelele. "Mzee, uko wapi?"

Sauti ikatoka chini ya mikanda ya gari, nyembamba, kama ya mtu aliye ndani ya kisima. Haikusema nisaidie. Ilisema, "Usiliwashe! Mwanangu, nakuomba, usiliwashe!"

Dereva akachukua koleo nyuma ya gari, akachimba kama mwendawazimu. Koleo likagonga jiwe, na jiwe lile lilikuwa ukuta. Upepo ulikuwa umeujaza theluji mpaka juu, ukasawazisha mteremko wote, ndiyo maana pakawa tambarare. Nyuma ya ukuta, kwenye pango la theluji, akamkuta mzee amekaa katikati ya kondoo wake, midomo ya buluu, fimbo imemkatikia mkononi. Akamvuta. Akamvua kofia iliyoganda, akamvalisha yake, akamkumbatia, akalia kwa sauti.

"Mzee wangu, nimekutafuta tangu asubuhi!"

"Najua," mzee akasema. "Nilikusikia."

"Ulinisikia? Sasa kwa nini hukuita?"

"Niliita." Mzee akatulia apate pumzi. "Nilikuwa nimetoboa tundu kwa fimbo, tukawa tunavuta hewa, mimi na kondoo. Usiku ule wote tulikuwa salama. Uliposikika unakuja nilifurahi, nikawaambia kondoo, tumepona. Ukapita, tundu likaziba. Nikatoboa lingine. Ukarudi, ukaliziba. La mwisho fimbo ikavunjika." Akaonyesha kwa kidevu kondoo waliolala kwenye kona, hawatikisiki. "Wale hawakuuawa na dhoruba. Walikuwa wazima mpaka msaada ulipofika."

Redio ndani ya gari ikalia. "Dereva! Umefika ukutani? Dereva, nijibu!" Na dereva akapanda akaichukua ile redio. Aseme amefika? Alikuwa amefika tangu asubuhi.

Wapendwa, nikisimulia habari hii nami nachanganyikiwa. Natafuta wa kumlaumu, simpati. Gari halina kosa, liliundwa lisizame, na halikuzama. Dereva hakuwa mlevi, hakuwa mvivu, alikuwa analia machozi akimwita mtu aliye chini yake. Tungekuwa na raha kama angekuwa mbaya. Lakini ni mtu mwema, mwenye gari zuri, aliyetumwa kuokoa, na alikuwa anaokoa kwa bidii.

Na sisi je? Mungu ametuinua, tusikatae. Wengi wetu humu wazazi wetu walizama, sisi tunapita juu. Tumeezeka bati, tumesomesha, tumenunua spika mpya za kanisa zinazosikika mpaka ng'ambo ya mto. Sisemi tuzirudishe. Nauliza tu, tukipita, chini yetu kuna nani?

Mwezi uliopita tulikwenda kumfariji mama mmoja aliyefiwa na mume. Tulijaa uwanja mzima. Kwaya iliimba, mimi nikahubiri, na nilihubiri vizuri, mlinipongeza. Mwenyekiti akasema maneno, katibu akasema maneno, akina mama wakasema, vijana wakasema, tukala, tukapiga picha, tukafunga kwa sala, tukaondoka. Nawauliza ninyi mliokuwapo. Yule mama alisema nini? Kuna aliyesikia hata neno moja kutoka kinywani mwake? Kila alipofungua mdomo, hatukuwa tunaanza pambio lingine?

Tulikwenda kumsaidia apumue, jamani.

Kushuka kuna gharama, siwafichi. Ukishuka kwenye gari lisilozama, utazama. Utalowa mpaka kifuani, hutapendeza, ratiba itaharibika, na utakaa kwenye jiko la mtu, hujui cha kusema, unasikiliza mambo usiyoweza kuyatengeneza. Lakini hakuna aliyewahi kumsikia mtu wa chini akiwa juu, injini inanguruma. Kwa hiyo wiki hii sitaki mchango, sitaki kamati. Nataka kila mmoja aende nyumba moja, peke yake, bila wimbo, aulize swali moja, kisha afunge mdomo.

Mwalimu wa kwaya, naona umeshaanza kusimama. Kaa, ndugu yangu. Na wewe wa kinanda, kizime kabisa, hata ile taa yake. Kuna mtu wa usharika huu ambaye hajakanyaga hapa tangu tulipovuna viazi. Alikuwa anakaa kwenye benchi hizi hizi. Sitamtaja. Tutakaa kimya, na mwenye kulijua jina lake alitamke kwa sauti. Na kama hakuna hata mmoja wetu atakayeweza kulitamka, basi tunajua gari letu tumeliegesha wapi.