Gia Iko Ndani, Habu Ziko Nje

Wapendwa, wekeni vitabu vya nyimbo kwenye benchi kwanza. Leo nina habari ya mtu na gari lake, na ninyi mnaojua magari msinirekebishe mpaka nimalize, maana nawafahamu.

Kulikuwa na bwana mmoja, mpima ardhi mstaafu, aliyeishi mjini. Bwana huyu alikuwa na gari la four-wheel la zamani, yale ya bodi ya bati nene, ambayo ukipanda unapanda kweli, si kuingia. Lilikuwa la marehemu baba yake, bwana shamba. Siku lilipoletwa mjini kutoka kijijini lilifika likikohoa, tangi limezibwa kwa kipande cha sabuni, mlango wa kushoto umefungwa kwa waya, na kwenye sakafu kuna tundu ambalo ukiinamisha kichwa unaiona barabara inavyopita.

Miaka minne bwana huyu alilitengeneza. Kila Jumamosi akishakunywa chai anavaa ovaroli, anaingia chini ya gari, na akina mama mnajua ukimwita mtu aliye chini ya gari anajibu nini. Anajibu "naja", halafu haji. Injini aliishusha yote akazipanga nati zake juu ya gunia. Alibadilisha springi, akaliinua gari likawa refu, akalivalisha matairi ya kashata kubwa za kung'ata tope, akafunga winchi mbele ya bampa. Akafunga na bomba la hewa linalopanda ubavuni mpaka juu ya paa, ili gari likivuka mto lisinywe maji. Majirani wakamuuliza mto gani huo anaotaka kuvuka, au ni ule mtaro wa sokoni?

Mimi simcheki. Nataka na ninyi msimcheke. Baba yake alikuwa akimpakata kwenye usukani wa gari lile akiwa mtoto wa miaka minne, akimwachia ashike usukani kwa mikono miwili na kuona kwamba yeye ndiye anayeendesha. Wapo waliosema mzee anachezea mabati. Wangemtazama vizuri wangeona mtu anayemlilia baba yake kwa spana, kwa sababu machozi yalimshinda kuyatoa makaburini.

Tena alikuwa na jambo jingine moyoni, na hilo jambo lilikuwa na jina, nalo ni mdogo wake.

Huyu mdogo ndiye aliyebaki kijijini. Baba alipougua, mdogo ndiye aliyemwendesha hospitali kwa gari lile lile, akilitia sabuni na waya lisizime njiani. Kaka yuko mjini, kazi haimwachii, anapiga simu Jumapili. Baba akafariki. Kaka akaja, akazika, na siku ya kuanua matanga akaomba funguo za gari. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kitu cha baba cha kushika. Lakini mdogo alikuwa amechoka, hajalala wiki nzima, akasema mbele ya baba wadogo na shangazi na watu wote: "Kaka, ulikuja kuzika au ulikuja kuchukua gari?"

Watu wakatazama chini. Kaka akachukua funguo, akaondoka, na kuanzia siku ile hawakuongea. Hawakutukanana, hawakushtakiana, wala hawakurogana. Walinyamaza tu. Ninyi mnadhani kunyamaza ni jambo dogo? Mke wa kaka hakudhani hivyo. Jumamosi moja alimletea chai pale chini ya gari, akachuchumaa, akamwambia, "Baba Tuzo, hili gari umelifikia kila mahali mpaka huko chini ya chesisi. Mdogo wako utamfikia lini?"

Na yule bwana akajibu kutoka chini ya gari, tena kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi: "Mimi nilishamsamehe. Nilishamsamehe moyoni."

Wapendwa, mmelisikia neno hilo? Moyoni. Naomba mlishike, tunaendelea.

Katika mwaka ule wa nne mama yao akapiga simu. Mama alikuwa na presha ya macho. Jicho moja lilikuwa limeshazima, na daktari alimwambia la pili linafuata, hakuna dawa ya kulirudisha. Mama hakulia kwenye simu. Alisema anaomba kitu kimoja, kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanawe wawili waje wakae meza moja, mbele yake, awaone wamekaa pamoja kabla nuru haijamwishia. Alisema hataki kuja kusikia sauti zao gizani halafu abaki anakisia kama wanatazamana.

Ungekataa wewe? Yule bwana hakukataa. Ila alijipangia safari yake vizuri kabisa: atafika saa saba, atamsalimia mdogo wake mbele ya mama, watakula ubwabwa, mama ataona, na saa kumi ataondoka. Mama ataridhika, na yeye hatakuwa amesema neno. Mke wake alitangulia Ijumaa kwa basi kwenda kusaidia kupika. Alisema gari analiamini, ila basi analiamini zaidi.

Basi Jumamosi bwana akavaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi, viatu vimeng'arishwa, akaondoka. Na gari lilikwenda, wapendwa. Lilikwenda kama jipya. Mvua ilimkuta njiani, na kwenye lami hakuna shida. Shida ilianza kwenye mlima wa mwisho, ule wa udongo mwekundu, ambao ukiumaliza unaona bati la nyumba ya mama. Gari likapanda nusu, likaanza kuteleza, likasimama.

Bwana hakushtuka. Si ndiyo kazi ya gari hili? Akavuta kile kigia kifupi cha pembeni, cha kuingiza magurudumu yote manne, kama alivyomwona baba yake akifanya mara mia. Akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma mpaka mbuzi wakakimbia. Matairi ya nyuma yakachimba, tope likaruka, gari likazama. Akarudia. Likazama zaidi. Saa ilikuwa saa tisa, na kule juu mama alikuwa amekaa tangu saa saba.

Winchi mnaiulizia? Winchi inataka mti wa kufungia kamba, na mlima ule ulikuwa mashamba ya viazi matupu pande zote mbili.

Kule juu wakasikia ngurumo. Na aliyeshuka, akiwa na jembe begani na mzigo wa majani kwapani, alikuwa nani? Alikuwa mdogo wake. Akafika dirishani, maji yanamchuruzika usoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza baada ya miaka minne. Mdogo akatandika majani chini ya matairi ya nyuma, akasukuma, akarushiwa tope mpaka masikioni, na kaka amekaa kitini dirisha limefunguliwa vidole vitatu. Gari halikutoka. Mdogo akazunguka mbele, akainama, akamfanyia ishara kaka akanyage tena. Akatazama. Kisha akarudi dirishani.

"Kaka, umefunga habu?"

"Nimeingiza four-wheel," kaka akasema, akakigonga kile kigia kwa kiganja. "Si hii hapa."

"Hiyo ya ndani nimeiona, kaka. Mimi nauliza ya nje."

Sasa wale msiojua magari, nisikilizeni. Gari la baba mwanzo halikuwa na kitu hicho. Wakati wa baba ukivuta kigia, umemaliza. Lakini huyu bwana katika kulirembesha gari lake alifungiwa habu mpya na fundi. Ni kidude cha duara, kiko katikati ya gurudumu la mbele, na kinazungushwa kwa mkono. Ukikizungusha huku, gurudumu linashikana na mashine. Ukikizungusha kule, gurudumu linazunguka lenyewe, halina habari na injini. Ni kizuri, kinapunguza mafuta na uchakavu. Ila hakifungwi ukiwa kitini. Ni lazima ufungue mlango, ushuke, upige goti mbele ya gurudumu. Fundi alimwambia siku ile ile, na yeye akajibu "najua, najua", kwa sababu alikuwa anatazama vinavyong'aa. Tangu siku hiyo alikuwa anavifuta kwa kitambaa kila Jumamosi, hakuwahi kuvizungusha hata mara moja.

Kwa hiyo kigia kilikuwa kimeingia kweli. Ndani kila kitu kilikuwa kinazunguka, shafti ya mbele inazunguka, kelele unazisikia. Gurudumu pale nje halikuwa limeambiwa.

Bwana akafungua mlango. Akatazama suruali yake, akatazama tope. Akashuka. Akapiga goti mbele ya gurudumu la kulia, tope likamfika mapajani, akazungusha ile habu. Na akiwa pale chini, mkono uko kwenye chuma, bila kumtazama mdogo wake, akasema, "Mimi nilikusamehe zamani. Moyoni."

Mdogo akasema, bila ukali, "Mimi ningejuaje, kaka?"

Yule bwana aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Akapanda kitini, akakanyaga mafuta, ili angalau gari litoke. Gari halikutoka. Gurudumu la mbele halikusogea hata kidogo.

Mnashangaa? Mafundi hawashangai. Habu ziko mbili. Ukifunga ya upande mmoja ukaiacha ya pili, nguvu yote inakimbilia upande ulioachwa wazi, inapotelea huko. Ni sawa na hujafunga kitu.

Kaka akafungua mlango ashuke tena azunguke upande wa pili. Mdogo akamzuia kwa mkono. "Kaa, kaka. Ya upande ule ni yangu."

Akaweka jembe chini, akapiga goti upande wa kushoto, akazungusha. Lakini hakuinuka. Kaka akangoja, akaona hainuki, akashuka akaenda kumtazama. Akamkuta amepiga goti pale pale, mkono umeshika tairi, analia kama mtoto. Mdogo akasema yale maneno ya siku ya kuanua matanga yalimrudia usiku ule ule, akajua amemkosea kaka yake mbele ya watu. Akasema kila alipopita pale gari lilipokuwa likiegeshwa alitaka kupiga simu. "Na mimi nilikusamehe, na nikakuomba radhi," akasema, "yote moyoni humo humo."

Kaka akapiga goti la pili siku ile, na hapakuwa na habu ya kufunga. Akasema alichopaswa kusema miaka minne nyuma, kwamba asante kwa kumwendesha baba. Akasema alipaswa kuja mapema, na funguo alipaswa kuziomba siku nyingine. Basi. Hayakuzidi hayo.

Kisha wakapanda gari wote wawili, na gari likapanda mlima. Mama aliwaona. Aliwaona wakishuka mlangoni wamejaa tope, na mke wa kaka akaja na kitambaa cha kuwafuta, mama akamkataza, akasema awaache kwanza, hajamaliza kutazama.

Sasa nageukia kwetu sisi.

Sisi watu wa kanisani tuna gia nzuri ya ndani. Tunaombeana ndani. Tunasamehe ndani. Tunapendana sana, tena sana, ndani. Mtu anatetemeka kwa maombi hapa, injini inanguruma mpaka majirani wanasikia, na nyumba ya tatu kutoka kwake kuna dada yake ambaye hajamjulia hali tangu msiba. Ukimuuliza anasema, mchungaji, mimi moyoni sina kitu. Sawa, nakubali huna kitu. Dada yako anajua? Nani alimwambia?

Utaniambia, Mungu anaujua moyo wangu. Anaujua, sikatai. Lakini mdogo wako si Mungu. Mungu anauona moyo wako, mdogo wako anauona mlango wako, nao umefungwa.

Na wewe uliyekosewa, unayengoja mwenzako apige goti wakati wewe umesimama na jembe lako, unahesabu tope lililomfika, iko habu ya upande wako. Yeye hawezi kukufungia.

Nilitaka kumalizia hapo. Usiku wa jana nilipokuwa naandika mahubiri haya nilikuwa nimemalizia hapo, nikaona yanapendeza. Lakini kuna mtu humu ndani nimemsamehe moyoni tangu Pasaka. Kila Jumapili ananipa mkono pale mlangoni, nami nautikisa huku namtazama anayefuata. Amekuja leo tena. Nimemwona tangu wimbo wa kwanza, na nimehubiri yote haya nikikwepa benchi lake.

Mwalimu wa kwaya, usianzishe wimbo. Wazee, naomba mnipishe hapo kwenye ngazi. Mimi nashuka.