Mama Aliyekuja Kuomba Moto

Wapendwa, kule juu kwenye milima ya viazi, ambako mwezi wa sita unaamka unakuta majani yamekuwa meupe kwa sakitu, kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu. Tumwite Mwalimu Mbwilo. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, na nusu ya kijiji ilijifunza kusoma mbele ya ubao wake. Lakini siku ninazowasimulia alikuwa anaishi peke yake. Mke wake, Yudita, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Watoto walikuwa mbali. Walipiga simu Jumapili, na mtandao ukisumbua, Jumapili hiyo ilipita hivihivi.

Mnaujua upweke wa namna hiyo? Si lazima mtu alie. Ni kupika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Ni kuendelea kulala upande wako wa kitanda, wakati upande wa pili una mwaka mzima hauna mtu.

Alikuwa mtu wa sala. Kila jioni alipiga magoti kwenye kiti chake akasema, "Bwana, sikuombi makubwa. Nitumie mtu. Hata mmoja, wa kunijulia hali, nijue kwamba hujanisahau."

Siku moja baada ya ibada akamweleza mchungaji wake. Mchungaji akamwambia, "Mwalimu, jioni kabla hujasali, kaa kimya kwanza. Ipitie siku yako tangu ulipoamka. Halafu andika jambo moja tu ambalo ndani yake unaona mkono wa Mungu ulikuwepo."

Mwalimu akatafuta daftari. Akapiga mstari kwa rula chini ya tarehe, kama alivyozoea, akaandika: "Sakitu kali. Mama Ezelina amekuja kuomba moto. Sijaona kitu." Kesho yake: "Manyunyu. Mama Ezelina, moto tena. Sijaona kitu."

Huyu Mama Ezelina alikuwa jirani yake wa ng'ambo ya uzio, mjane wa miaka sitini hivi, mwenye sauti nzito na maneno machache. Tangu msiba wa Yudita, kila asubuhi, jua halijapata nguvu, alikuwa mlangoni na kigae cha chungu mkononi.

"Hodi, Mwalimu. Umeamkaje?"

"Nimeamka."

"Na miguu?"

"Inauma kama jana."

"Haya, nisaidie kaa la moto."

Anachukua kaa lake, anasimama kidogo akitazama ndani, anaondoka. Mwalimu alikuwa anakereka. Mtu mzima hana kiberiti? Ilimlazimu aamke mapema kuwasha moto kwa sababu tu alijua atakuja. Na akija, ni kuinuka tena, na miguu ndiyo hiyo.

Baada ya wiki mbili na siku kadhaa, uvumilivu ukamwishia. Akanunua kiberiti, pakiti nzima. Mama Ezelina alipokuja akamkabidhi mlangoni.

"Chukua hii, Mama Ezelina. Itakufikisha Krismasi. Usijisumbue tena kuja."

Yule mama aliitazama ile pakiti kwa muda. "Haya, Mwalimu. Asante." Akaondoka, kigae chake kitupu.

Asubuhi iliyofuata hapakuwa na hodi. Mwalimu akalala mpaka akachoka kulala. Siku ya pili hakuona sababu ya kuwasha moto mapema, akala viazi vya jana, vya baridi. Siku ya tatu, siku ya nne, vivyo hivyo. Siku ya tano jioni alijaribu kuimba wimbo kabla ya sala, sauti ikatoka imekwaruza kama bawaba ya mlango usiofunguliwa. Ndipo akagundua kwamba kwa siku tano hakuwa amesema neno na mtu yeyote.

Akapiga magoti. "Bwana, nimekuomba mtu mmoja. Mwaka mzima. Kama hunisikii, basi niache kuomba." Akainuka bila kusema amina.

Akachukua daftari ili aandike tena kwamba hajaona kitu. Lakini mwalimu ni mwalimu. Hakuweza kuandika ukurasa mpya bila kupitia zile za nyuma, kama mtu anayesahihisha. Akaanza tarehe ya kwanza. Mama Ezelina. Tarehe ya pili. Mama Ezelina. Siku kumi na saba mfululizo, kila siku lilikuwepo jina la mtu aliyefika mlangoni kwake akamwuliza ameamkaje. Na mbele ya jina hilo, kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri, maneno yaleyale: sijaona kitu.

Kulipokucha akachukua fimbo yake, akavuka uzio. Alimkuta Mama Ezelina jikoni, moto unawaka. Juu ya kichanja ile pakiti ilikuwa haijafunguliwa. Kando yake palikuwa na kiberiti kingine, cha zamani, kimetumika nusu.

"Mama Ezelina, kumbe kiberiti ulikuwa nacho?"

"Nilikuwa nacho."

"Tangu lini?"

"Siku zote, Mwalimu."

"Sasa moto wangu ulikuwa wa nini?"

Mama akasukuma kuni ndani.

"Siku ya mwisho nilipompelekea Yudita uji hospitali," akasema, "alinishika mkono. Akaniambia, 'Mume wangu ni mtu wa kujifungia. Nikienda, usiache jua lipande hujamwona.' Na mimi nakujua, Mwalimu. Ningekuja kukuangalia tu, ungeniambia huhitaji kuhurumiwa. Nikatafuta sababu. Uliponipa kiberiti, sababu ikaisha."

Mwalimu akaegemea fimbo yake.

"Hizi siku tano nimekuwa nasimama pale kwenye uzio, naangalia kama moshi unatoka kwako. Jana haukutoka mpaka mchana. Nilifika mlangoni kwako mara mbili, nikarudi. Nilikuwa sina la kusema."

Mwalimu akavuta kigoda akakaa. Alilia kilio ambacho hakuwa amelia hata makaburini. Mama Ezelina hakumnyamazisha. Alimimina chai, akamwekea karibu, akaendelea kumenya viazi vyake.

Sitawadanganya kwamba upweke wake uliisha asubuhi ile. Yudita hakurudi. Upande wa kitanda ulibaki wazi, na simu za Jumapili ziliendelea kukatika. Lakini jioni hiyo alisali sala nyingine. Alisema, "Bwana, nisamehe. Ulinitumia mtu, nami nikamwambia asije."

Sasa, wapendwa, niwaulize. Mungu alikuwa kimya mwaka ule? Jibu la sala ya Mwalimu lilikuwa limeshaanza safari kabla yeye hajapiga goti. Lilitoka kwenye kitanda cha mgonjwa, likakaa katika moyo wa jirani, likavuka uzio kila asubuhi kwa miguu yake. Yeye alikuwa analipatia kaa la moto, kisha analifungia mlango.

Na sisi? Tunaomba tutunzwe, na tunadhani matunzo ya Mungu yatakuja yamebeba zawadi. Mara nyingi yanakuja yanaomba kitu. Yanakuja kama usumbufu, kama mtu anayeuliza swali lilelile la jana, kama kazi inayokulazimisha uamke wakati ulitaka kujifunika blanketi siku nzima. Tunaudhika. Jioni tunamlalamikia Bwana kwamba ametusahau, na kinywa kinacholalamika kimeshiba chakula alichokipika mwingine.

Najua kuna mtu ameketi hapa leo ambaye nyumbani kwake ni kimya. Sisemi kwamba kimya hicho ni kidogo. Nasema tu, usimwambie Mungu hujaona kitu kabla hujaangalia.

Kwa hiyo hatutaimba bado. Tukae kimya dakika moja, kila mtu na Mungu wake. Anzia pale ulipofumbua macho asubuhi ya leo. Nenda polepole, mpaka mlango wa kanisa hili. Nani alikusalimu? Nani alikupisha ukae hapo ulipo? Usitafute jambo kubwa. Na ukimwona mtu huyo, usiombe kitu kingine chochote kwa sasa. Mtaje jina mbele za Bwana, na ukitoka hapa, mfuate umwambie asante, maana huenda naye amekuwa akiomba atumiwe mtu.