Mkwe, Mtani na Tezi ya Mzee Ndahani

Hapo zamani, zamani ya juzi tu yenye redio na sindano, palikuwa na mzee wa Kigogo aitwaye Ndahani. Aliyempa Perisi, mke wa mwanawe, habari za ugonjwa wa mzee huyo alikuwa mama mkwe wake, Dorika. Walikuwa wakipepeta uwele.

"Baba yako ana tezi," Dorika alinong'ona.

"Mbona sioni kitu shingoni?"

"Siyo ya shingoni, mwanangu. Tezi dume. Iko huko."

"Huko wapi, mama?"

"Huko ambako mkwe haulizi. Na imeingia saratani."

Perisi akainamisha uso kwenye ungo. Tangu aolewe hakuwahi kumtazama baba mkwe usoni, seuze huko.

Daktari alikuwa amemweleza mzee njia zote. Kuna kisu cha kuitoa tezi. Kuna mionzi ya kuichoma saratani. Kuna sindano za kuinyima chakula, maana saratani hiyo hulishwa na homoni za kiume. Tena kuna wanaongoja tu huku wakipimwa, ila ya mzee ilishaanza kutoka nje ya tezi, kwa hiyo kungoja hakukumfaa.

Mzee akazikataa zote.

"Kisu? Mwanamume hukatwa mara moja, nami nilishakatwa jandoni. Mionzi? Mimi si nyama choma. Sindano? Niwe maksai, niote matiti? Kungoja? Hiyo kazi ya wajawazito!"

Akapanda kitandani, akageukia ukuta. "Nakufa. Atakayeniinua hapa nikapona, achukue dume langu la ng'ombe."

Akaja Kihwele, mtani wake, Mhehe. "Fungeni mbwa wetu, Mhehe asije akawala!" watoto wakapiga kelele. Kihwele alikuja na jembe na kilio.

"Uuuwi! Mgogo wangu kafa! Kauawa na woga!" Akampima mzee kwa kamba palepale kitandani. "Mbona mrefu hivi? Basi, nitakukunja."

Akatoka, akaanza kuchimba kaburi mbele ya mlango, huku akiimba.

"Wewe mla mbwa, mimi mzima!" akafoka mzee kitandani.

"Maiti haisemi. Lala."

Mzee akaruka kitandani, akamnyang'anya jembe. "Hutanizika hapa! Nitakuzika mimi!" Akavaa viatu kwa hasira, akashika njia ya hospitali, na Dorika nyuma yake.

Alipofika, daktari akasema kwa hali yake inafaa mionzi pamoja na sindano. Mzee akasimama mlangoni pa chumba cha matibabu. Akashika mlango kwa mikono miwili, akakataa kuingia.

"Mume wangu," akasema Dorika, "unalinda nini? Hicho unachokilinda kimelala tangu kitinda mimba wetu aache ziwa, na sijakililia. Lakini wewe ukilala chini ya udongo nitalia. Haya, chagua, kilale kipi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mzee akaona afadhali mionzi kuliko kubaki nje na watu wale. Akaingia.

Akapigwa mionzi, akadungwa sindano, akarudi nyumbani. Sindano nazo zikaanza vituko vyake. Joto likampanda katikati ya baridi. Jasho likamtoka kama anapika pombe. Kifua kikajaa, kikauma. Mzee akajificha zizini kwa mbuzi.

"Sindano nyingine siendi! Saratani inile, kuliko kuvaa sidiria!"

Kihwele akachimba, mzee hakutoka. Dorika akasema, mzee hakutoka. Siku ya sindano ikakaribia, na Perisi aliijua hatari ya kuikosa. Akambeba mtoto wake mchanga, akaingia zizini, akaketi akimpa mzee mgongo. Mkwe hazungumzi mambo ya mwili na baba mkwe. Kwa hiyo alizungumza na mtoto.

"Mwanangu, mwambie babu, kifua kikijaa huuma hivyo. Mama yako naye alilia. Aweke kitambaa cha maji baridi, asivae shati la kubana. Na amweleze daktari, asione haya."

Mbuzi mmoja akapiga chafya.

"Mjukuu wangu," sauti ikatoka gizani, "muulize mama yako, mbona hili la kushoto linazidi?"

"Mwambie babu, hata la mama lilikuwa hilohilo."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, kisha akaomba kitambaa. Siku ya sindano akaenda mwenyewe.

Baadaye vipimo vya saratani vikashuka. Daktari akasema ugonjwa umetulia. Ndipo ugomvi ulipoanza.

"Dume ni langu," akasema Kihwele. "Bila kaburi langu, sasa angekuwa ndani yake."

"Wewe ulimtoa kitandani tu," akasema Dorika. "Hata haja ndogo humtoa mtu kitandani! Mimi ndiye niliyemwingiza kwa daktari."

"Na mimi je?" mzee akafoka. "Aliyechomwa nani? Aliyeota matiti nani? Dume libaki kwa mwenyewe!"

"Na mkwe?" akauliza Kihwele. "Au kwa kuwa hana mdomo? Mzee angeikatiza sindano, kazi yetu sote ingekuwa bure."

"Mimi niliongea na mtoto tu," akasema Perisi kwa sauti ndogo.

"Basi asiyedai ndiye atakayeamua," akasema mzee, akimpa mkwewe kisogo. "Kesho amfungue dume, ampe mwenye haki."

Asubuhi yake Perisi akamfungua dume, akamleta uani. Kihwele alikuwa amenyoosha mkono. Dorika anakohoa mlangoni. Mzee anachungulia dirishani, kitambaa kifuani. Perisi akainamisha uso, akaizungusha kamba kiganjani mwake, akasimama, wala hakumnyooshea mtu.

Haya, ninyi mliokaa kitako mkicheka, kamba ile ingekwenda kwa nani? Je, nani alistahili?