Hodi ya Asubuhi ya Mwaka

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika upesi mno. Hata hamjajua nimekuja na nini. Haya, lishikeni hilo jibu lenu, nitalirudia mwishoni.

Kale na kale, babu ya babu yangu hajazaliwa, palikuwa na kijiji kwenye hori ya bahari. Jina lake silitaji, maana wajukuu zao wapo na wana haya. Kijiji kilikuwa na mashua arubaini za vita. Na kilikuwa na bibi mmoja, Bi Mwatime, fundi wa kukalafati. Kazi yake kuziba nafasi baina ya mbao kwa pamba iliyolowa mafuta, mashua isivuje. Mkono huu patasi, mkono huu nyundo. Ko, ko, ko. Asubuhi ko, ko, ko. Alasiri ko, ko, ko. Mashua zote arubaini zilipita mikononi mwake.

Ng'ambo ya maji palikuwa na mji mwingine. Watu wake waliitwa Wang'ambo. Huku na kule walioana, walizikana, na mara nyingine walipigana. Lakini walipigana kwa adabu. Anayetaka vita hutuma kasia lililovunjwa, siku saba kabla. Na mashua ikifika mlangoni mwa bandari hupiga baragumu, kisha nahodha husema, "Hodi bandarini." Aliyepiga hodi hakuja kwa shari. Hilo kila mtu alilijua, wa huku na wa kule.

Mwaka ule wakagombania maji ya kuvulia. Maneno yakawa makali. Wang'ambo wakaleta wajumbe wanne waje wasuluhishe. Diwani Mwinyikai, mkuu wa kijiji, akawatandikia mikeka. Wakala wali siku ya kwanza. Wakala wali siku ya pili. Wakala wali siku ya tatu, na kila siku walisema, "Suluhu imekaribia, Diwani. Imebaki kidogo tu."

Bi Mwatime hakwenda kuwatazama wajumbe. Alikwenda kuitazama mashua yao. Akaizunguka. Akaipapasa. Akaenda moja kwa moja kwa Diwani.

"Diwani, mashua ya wageni wako imetiwa pamba mpya mpaka ubao wa juu kabisa."

"Ni safi, basi. Kuna ubaya gani?"

"Watu wanne hawaizamishi mashua mpaka huko. Ubao wa juu huzibwa mashua ikitarajiwa kujaa watu hadi ukingoni. Waliokuja ni wanne. Hao wengine wako wapi?"

Diwani akacheka. "Bibi, wewe ulimwengu mzima unaona pamba tu. Adui ninayemwogopa mimi yumo humu humu. Mtaa wa Chini nusu yao wameoa Ng'ambo. Hao ndio watakaozitoboa mashua zangu."

Basi akatoa amri. Mashua zote zikafungwa kwa kamba moja nene, pua kwa mkia, pua kwa mkia, mstari mmoja katikati ya bandari. Mafundo yakamwagiwa maji yakaze. Watu wa Mtaa wa Chini wakakatazwa kusogea. Wakatazama kwa mbali mashua ambazo baba zao walizichonga, na wakaumia.

"Zilizofungwa hivi haziwezi kukimbia," akasema Bi Mwatime.

"Wala haziwezi kuibiwa," akasema Diwani.

Kesho yake bibi akarudi. "Diwani, tatu kati ya zile zinavuja. Nipe nikazizibe."

"Zinavuja?"

"Zitavuja."

Diwani alikuwa anawamiminia wageni kahawa. Akampungia mkono aende zake. Bi Mwatime akazifungua mashua tatu za mwisho, akazivuta nyuma ya mikoko, akaanza kazi isiyokuwepo. Ko, ko, ko.

Ikafika siku ya Mwaka. Siku hiyo kijiji kizima huoga baharini asubuhi, wakubwa na wadogo, kuuosha mwaka mkongwe na kuupokea mpya. Siku hiyo mtu hashiki silaha. Na kila Mwaka Wang'ambo walikuwa wakija na mashua zilizopambwa makuti mabichi, wakaoga pamoja na wakwe zao. Kila Mwaka. Shikeni hilo.

Zamu ya mlango wa bandari ilikuwa ya Machano, mwana wa pekee wa Bi Mwatime. Jua limetoka. Watu wamo majini, chubwi, chubwi. Wale wajumbe wanne wamesema wanakwenda kuoga upande wa pili, na hakuna aliyewauliza kwa nini wamebeba viatu vyao.

Baragumu ikalia. Puuu. Puuu. Mashua kumi na mbili, zimepambwa makuti, zimekaa chini sana majini.

"Hodi bandarini."

Machano akaitika, "Karibuni."

Hodi, karibuni. Basi. Wakaingia taratibu mpaka katikati. Ndipo makuti yakatupwa, na chini ya makuti palikuwa na watu waliobanana, kila mmoja na chungu cha mafuta yanayowaka. Vuu. Vuu. Mashua ya kwanza ikashika moto. Pamba imelowa mafuta, kamba ni moja, upepo unavuma. Ya kwanza ikaiwasha ya pili, ya pili ikaiwasha ya tatu. Walinzi wa Diwani, waliolala ndani ya mashua, wakaamka wamo motoni. Machano akaogelea, akapanda, akaanza kuikata ile kamba kwa panga. Mafundo yamekaza. Akakata, akakata, mikono yake inaungua, akakata. Mashua thelathini na saba ziliteketea zimeshikana hivyo hivyo. Watu kumi na tisa hawakutoka.

Mimi nikifika hapa hasira hunipanda, wala sioni haya. Vita vipo, najua. Lakini umekula wali wa mtu siku tatu. Umemwambia suluhu imekaribia. Halafu unabisha hodi, neno ambalo hata mtoto analiamini, unalifanya mkuki. Sijui mtu wa namna hiyo akirudi kwake humwambia nini mkewe anapobisha mlangoni.

Wang'ambo wakageuza, wakaenda zao. Mashua za kijiji zilizobaki ni zile tatu za nyuma ya mikoko. Bi Mwatime akazitoa, na Mtaa wa Chini, wale wale waliokatazwa kusogea, ndio waliozipiga makasia na kuwaopoa majeruhi majini. Wakaopoa watu hamsini na wawili.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Diwani akaitisha baraza. Mnadhani aliitisha aombe radhi? Thubutu. Alitaka mtu wa kumtwika. Akamsimamisha Machano mbele ya watu, mikono iliyoungua imefungwa majani ya mgomba.

"Huyu ndiye aliyewakaribisha adui. Kwa kinywa chake. Mama yake anazijua pamba za Ng'ambo kuliko sisi. Nasema afukuzwe kijijini, asirudi."

Watu wakaguna. Wengine walikuwa wamezika watoto, na uchungu ukipata mtu wa kumwangukia huona nafuu. Wakaanza kusema, "Afukuzwe. Afukuzwe."

Bi Mwatime alisikia yote. Aliinuka, akatoka nje, akaufunga mlango. Watu wakadhani amekwenda kulia. Kisha mlango ukagongwa. Ko, ko, ko.

"Hodi."

"Karibu," likaitika baraza zima.

Na Diwani Mwinyikai aliitika kwa sauti kuliko wote.

Mlango ukafunguka. Bi Mwatime akaingia na kipande cha kamba nene kilichoungua.

"Mmenikaribisha," akasema. "Hamkuuliza nimeshika nini. Ningekuwa na moto, saa hizi mngekuwa mnaungua. Basi tufukuzane wote, tuanze na aliyeitika kwa sauti kubwa."

Akakiinua kile kipande cha kamba wakione.

"Mwanangu aliitika hodi kama mlivyomfundisha. Kosa ni la aliyeipiga kwa uongo, na huyo hayumo humu. Lakini kamba hii haikutoka Ng'ambo." Akaiweka mapajani mwa Diwani. "Uliifunga kwa ajili ya nani, bwana mkubwa? Niambie jina. Waite hao kumi na tisa uwaambie."

Diwani akaishika ile kamba. Mikono ikawa myeusi kwa masizi. Akainuka, akaenda kwa miguu yake mpaka Mtaa wa Chini, akabisha mlango wa kwanza.

"Hodi."

Ndani walikuwemo watu. Walimsikia. Wakakaa kimya muda mrefu, na yeye akasimama juani na kamba yake, akingoja.

Machano hakufukuzwa. Vidole vyake havikukunjuka tena, ikawa yeye anamshikia mama yake patasi kwa viganja, na mama anapiga nyundo. Ko, ko, ko. Wakaanza upya, mashua ya nne.

Nanyi mlioniitika upesi pale mwanzo, sikuwalaumu. Mtu akiitwa huitika, huo ndio utu. Mwenye laana ni anayeutegea utu mtego, na anayefuatia ni yule anayewafunga kamba watu wake mwenyewe. Ngano yangu naitua hapa. Mwenye yake na abishe hodi, nasi tutamwitikia.