Mwalimu Breki kwenye Kiti cha Nyuma

Kitu kikishaingia mvunguni mwa kitanda hakitoki kwa kuitwa. Unaweza kusimama mlangoni ukakiamuru, ukakibembeleza, hata ukakitishia. Kitakaa palepale na vumbi lake. Anayekitaka hana budi kupiga magoti, akainamisha kichwa chake na heshima zake zote, akanyoosha mkono gizani. Ndivyo wahenga walivyotuasa waliposema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii tunaisema sana, lakini kuinama kwenyewe kunatushinda, hasa tukiwa tumezoea kuinamiwa. Hebu tumtazame mwanamke mmoja wa namna hiyo, akiwa likizoni, asubuhi moja ya jua kali na tope jingi.

Alikuwa mwalimu katika shule ya udereva, na wanafunzi wake walimpachika jina la Mwalimu Breki. Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine miguuni pake yeye, na mguu wake huo haukuwahi kusinzia. Mwanafunzi akisita kidogo tu, gari limesimama na mahubiri yameanza. Nusu ya madereva wa mji wao walipita mikononi mwake, na hadi leo wakimwona kando ya barabara hupunguza mwendo, hata wale wanaotembea kwa miguu.

Mwaka uliopita aliolewa na fundi wa majokofu, mgane mpole mwenye binti mmoja wa miaka kumi na saba. Mwalimu aliingia katika nyumba ile kama anavyoingia garini, akaanza kurekebisha vioo. Alipanga upya kabati, akaweka saa ya kulala, akamsahihisha Binti namna ya kukaa, namna ya kupokea simu na namna ya kukata vitunguu. Alimpenda mtoto yule, tena sana, ila mapenzi yake yote yalimtoka mdomoni yakiwa amri. Binti naye alitia pamba masikioni. Alijibu "ndiyo, Mwalimu" na "sawa, Mwalimu", kama mtu aliyelipia somo na anangoja liishe. Alipoambiwa atafundishwa gari bure, jambo ambalo wenzake wangelipigania, alisema hataki.

Basi wakaenda likizo wote watatu, katika hoteli ndogo chini ya vilima. Fundi alikuwa amelipia safari ya pikipiki za magurudumu manne, zile zenye matairi manene zinazopita pasipo na barabara, ili aende yeye na binti yake. Lakini wakati wa kushusha masanduku mgongo ukamkamata. Asubuhi ya safari alikuwa amelala chali, hawezi hata kugeuka kuchukua glasi ya maji.

"Nenda naye wewe," alimwambia mkewe, Binti akiwa chini akinywa chai.

"Mimi? Atakubali?"

"Tulilipia pikipiki ya watu wawili. Asipopata mwenzake, hatoki." Fundi akashusha sauti. "Halafu kuna jambo sijakwambia, mke wangu. Ameniomba tukirudi ahamie kwa shangazi yake. Moja kwa moja. Nikamwambia nitampa jibu likizo ikiisha, na likizo ndiyo hiyo inaisha kesho."

Mwalimu aliketi ukingoni mwa kitanda. "Ni kwa sababu yangu?"

"Hakusema hivyo."

"Hakusema, lakini?"

Fundi alitazama dari. Kutazama kule kulimkata Mwalimu maini kuliko tusi. Tangu ujana wake alitamani mtoto asijaliwe, na huyu mmoja aliyempata ukubwani sasa alikuwa mbioni kufunga mizigo.

"Usimlazimishe kitu," mumewe alimwambia. "We nenda mkafurahi tu."

Uwanja wa pikipiki ulikuwa nyuma ya hoteli: banda la mabati, harufu ya petroli, na helmeti zilizotundikwa ukutani kuanzia ndogo hadi kubwa. Kiongozi wa msafara alikuwa mwanamume mrefu aliyekaukiwa na tope hadi kwenye nyusi, na kila mtu alimwita Kapteni. Wageni wengine walikuwa daktari wa meno na mkewe, wote wawili wanene na wachangamfu, kila mmoja na pikipiki yake.

"Mafuta yako hapa, kwenye kidole gumba," Kapteni alieleza akizungukazunguka. "Breki hii hapa, mkononi. Mkipanda mlima, laleni mbele. Mkiteremka, kaeni nyuma. Abiria naye ni nusu ya dereva. Akikaa kama gunia, mtaanguka wote. Na mkiingia kwenye maji, jamani, msikate mwendo. Ukikata mwendo, umehamia mtoni." Akaigonga kiti ile pikipiki nyekundu ya watu wawili. "Hii anaendesha nani?"

"Mimi," walisema Mwalimu na Binti kwa pamoja.

"Mimi nafundisha udereva," Mwalimu aliongeza. "Ndiyo kazi yangu."

"Heshima yako, Mwalimu. Lakini huyu chombo hiki hakijui, na wewe pia hukijui, kwa hiyo mko sawa. Umri wake unaruhusiwa, mradi nimpime hapa uwanjani. Amueni wenyewe."

Binti hakubishana. Aliitazama tu pikipiki, midomo imefunguka kidogo, vidole vikijikunja vyenyewe kana kwamba tayari vimeshika usukani. Kwa mwaka mzima Mwalimu hakuwahi kuuona uso ule ukitamani kitu. Akameza mate yaliyokuwa machungu kama shubiri.

"Aendeshe yeye," alisema.

Alidhani kwa kusema hivyo kuinama kumekwisha. Kumbe alikuwa ameinamisha shingo tu, magoti bado.

Binti alizungushwa uwanjani mara kadhaa, akafaulu, na msafara ukaondoka, Kapteni mbele, daktari na mkewe katikati, wale wawili mwisho. Walipolipita lango tu, pikipiki zikaacha njia na kuvamia nyasi. Mashina ya miti yalipita kwa kasi huku na huku. Walipanda kichuguu, wakaruka, wakatua, na tumbo la Mwalimu likabaki hewani kabla ya kumfuata. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuendeshwa kunaweza kuwa kutamu hivi. Upepo ulimwingia mikononi mwa shati, vumbi likamjaa puani, na bila kujua alijikuta akipiga kelele za furaha kama mtu aliye kwenye bembea.

Lakini mazoea yana taabu. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga hewa, ukitafuta breki isiyokuwepo, na mdomo nao ulikuwa kazini.

"Punguza. Jiwe hilo. Tazama mbele. Kona inakuja, umeiona kona?"

"Nimeiona, Mwalimu."

"Basi punguza."

Binti alipinda kona vizuri kabisa, bila kupunguza. Mbele yao daktari wa meno alipita dimbwini huku akicheka kinywa wazi, akajazwa tope meno yote bila miadi. Hata Kapteni alilazimika kusimama acheke kwanza.

Kisha wakafika mtoni. Hakikuwa kijito cha kutisha, ila maji yake yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na mtu hakuweza kuona chini yake. Kapteni alipita, maji yakitawanyika kama mbawa mbili kubwa. Daktari akapita. Mkewe akapita akiimba. Binti akashusha pumzi, akabana kidole gumba, nao wakazama katikati ya kelele na mirusho ya maji. Aliendesha sawasawa kama alivyofundishwa. Wakafika katikati, gurudumu la mbele likadumbukia kwenye shimo, pikipiki ikainama upande, na mkono wa Mwalimu ukachomoka. Haukumwomba ruhusa. Ulipita ubavuni mwa Binti, ukaikamata breki, ukaibana kwa nguvu zote.

Injini ikakohoa, ikazima. Maji yakaanza kuwazunguka taratibu.

Kapteni alirudi akiyakata maji kwa miguu. Hakugomba, lakini uso wake ulikuwa mkavu. "Dereva, niliwaambia nini? Usikate mwendo. Ingekuwa baada ya mvua, tungekuwa tunakuokota huko chini. Pole, lakini sitakuachia tena usukani. Utapanda nyuma yangu, na Mwalimu atamalizia kuendesha."

Usukani huo hapo. Mwalimu hakutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza. Daktari na mkewe walikuwa wakitazama kutoka ng'ambo, na hakuna hata mmoja aliyeuona ule mkono. Alimngoja Binti ajitetee. Binti hakujitetea. Alianza kufungua mkanda wa helmeti polepole, macho kwenye maji, kwa ule utulivu wake wa nyumbani ambao Mwalimu siku zote aliuita kiburi. Hapo ndipo alipoelewa kwamba hakikuwa kiburi. Mtoto alikuwa amezoea kuonekana mkosaji, na alikuwa amechoka kubishana. Aibu ikampanda Mwalimu hadi masikioni.

"Si yeye," alisema kwa sauti iliyofika ng'ambo. "Ni mimi niliyeshika breki. Yeye alikuwa anaendesha vizuri."

Kapteni alimtazama. "Wewe, Mwalimu? Wa udereva?"

"Mimi mwenyewe."

Daktari wa meno alijifanya anakagua tairi lake. Mwalimu akashuka, maji yakamfika magotini, akasimama mbele ya Binti ambaye sasa alikuwa juu na yeye chini.

"Nimezoea kumsimamisha mtu kabla hajakosea," alimwambia. "Na nyumbani ndivyo ninavyokufanyia, kutwa kucha. Hujakosea chochote, mimi nimeshakanyaga breki. Nisamehe, mwanangu."

Binti alibaki na mkanda mkononi. "Nilidhani nimeiua injini mimi," alisema.

"Niliiua mimi."

"Ulinishtua sana."

"Najua. Hata mimi nilijishtua."

Kapteni akakuna nyusi zake, tope likamdondoka. "Haya. Usukani ni wa dereva. Abiria amekiri, adhabu yake kusukuma."

Mwalimu Breki, aliyewatoa jasho madereva wa mji mzima, akaweka bega nyuma ya pikipiki katikati ya mto akasukuma. Kapteni akavuta kwa kamba. Injini ikanguruma, matairi yakazunguka, na tope lote la mto likahamia kwake, usoni, shingoni, ndani ya viatu. Binti alipofika ukingoni akageuka. Alitazama kile kinyago kilichosimama majini kikitema mchanga, akajitahidi kujizuia, akashindwa. Alicheka hadi akalala juu ya usukani. Mwalimu naye akacheka, na kila alipocheka alikula tope jingine.

Ulibaki mlima wa mwisho, mrefu, wa changarawe, ambao Kapteni alisema ndio uliomfanya aipende kazi hii. Mwalimu alipanda kiti cha nyuma akatazama mikono yake. "Sasa nishike wapi? Hii mikono haiaminiki tena."

"Nishike mimi, kiunoni," Binti alisema. "Ukiifunga yote miwili huko, haitapata nafasi ya kwenda kushika breki."

Wakaupanda. Changarawe zilipasuka chini ya matairi, anga likasogea, na Mwalimu akalala mbele hadi kifua chake kikagusa mgongo wa mtoto. Katikati ya mlima injini ikaanza kulemewa. Pikipiki ikapunguza mwendo, ikatetema.

"Niongeze au niache?" Binti aliuliza kwa sauti ya juu.

Mwalimu alikuwa na majibu ishirini, yote sahihi, yote yakimsukuma meno yatoke. Akayameza moja moja.

"Wewe unaionaje?"

"Inataka kuongezwa."

"Haya."

Binti akabana mafuta. Pikipiki ikaruka mbele kama iliyochomwa sindano, ikala changarawe, ikapanda, ikapanda, na ghafla hapakuwa na mlima tena mbele yao, palikuwa na anga tu. Wote wawili walipiga kelele kwa pamoja. Chini kabisa, paa la hoteli lilionekana dogo kama kiberiti, na ndani yake fundi wa majokofu alikuwa amelala chali hajui lolote. Kapteni aliwapigia makofi. Daktari na mkewe walikuwa tayari wanapigana picha wakiwa weusi kwa tope.

Binti alizima injini, akavua helmeti. Hakushuka. Alikaa hivyohivyo, mikono ya Mwalimu ikiwa bado kiunoni mwake, akavuta pumzi kidogo.

"Mafunzo ya gari huchukua muda gani?" aliuliza bila kugeuka.

Moyo wa Mwalimu ulipiga paa, lakini sauti aliishika. "Kwa mwanafunzi msikivu, miezi mitatu."

"Na kwa mbishi?"

"Mbishi anaweza kufika mwaka. Wengine miwili."

Binti alifuta vumbi kwenye miwani yake ya kukingia vumbi, akaitazama kwenye mwanga, akaifuta tena.

"Mimi ni mbishi sana," alisema. "Itabidi nimpigie shangazi simu, asinitayarishie chumba."

Mwalimu aliegemeza paji la uso kwenye mgongo ule wenye tope akalia kimyakimya kwa furaha, na Binti, aliyeyasikia machozi hayo yakipenya shati, hakumwambia anyamaze wala hakuondoa ile mikono. Kwa mwaka mzima mwanamke yule alisimama wima akiita na kuamuru asipate kitu. Siku alipokaa kiti cha nyuma, akaomba radhi majini na kusukuma kwa bega, ndipo mkono wake ulipogusa alichokitafuta. Kweli waliosema hawakukosea: mtaka cha mvunguni sharti ainame.