Mkate Uliomlisha Mama Mkwe

Hapo zamani, tena si zamani sana maana simu zilikuwepo, Dama wa Malindi alikuwa akiolewa na Sandro, Mtaliano. Mama yake Sandro, Ornella, alikuja na chupa ya mafuta ya zeituni, lakini hamu ya kula hakuja nayo. Pilau, hataki. Samaki wa kupaka, hataki. "Mwanangu akikaa huku nimempoteza," alilia, Sandro akitafsiri kwa aibu. "Harusi hii sili."

Dama akaingia jikoni macho mekundu. "Atakayemlisha mama mkwe wangu, binti yangu wa kwanza nitampa jina lake."

Jina! Jikoni hapakukalika.

Shangazi Mbodze akaweka vipande vya boflo makaani, akasikia ngoma, akatoka kucheza kidogo. Kidogo cha Mbodze mnakijua. Alirudi mkate umekauka, kingo zimeungua.

Bi Mwanaiki, jirani, akausugua kwa kitunguu saumu ili kuua harufu ya kuungua. Kikasagika juu yake kama nazi kwenye mbuzi.

Sidi, mdogo wake Dama, alikatakata nyanya za kachumbari. Pilipili akaisahau, na majani ya rehani ya kikuba, kishada cha manukato alichovaa kifuani, yakadondokea humo. Bakuli zilikuwa zimekwisha, basi akazirundika nyanya juu ya mkate, akaupeleka mezani kwa Ornella.

Ornella akanusa. Akasimama. Akafungua chupa yake, akaumwagia mkate mafuta, akauma. Kru! Akala cha pili, cha tatu, machozi na kicheko pamoja.

"Brusketa! Mkate wa mama yangu! Kumbe huku nako ni nyumbani!"

Vigelegele mpaka asubuhi.

Dama alipojifungua binti, wote wakafika mbio.

"Nisingeuchoma, ungebaki mkate wa chai," alisema Mbodze.

"Uliuunguza, dada! Mimi ndiye niliyeuponya," alisema Bi Mwanaiki. "Harufu ya saumu ndiyo iliyomwinua kitini."

"Mngemlisha mkate mtupu?" aliuliza Sidi. "Nyanya zangu, rehani yangu!"

Ornella, sasa Kiswahili anakijua, akashika kiuno. "Na mafuta ya nani? Ninyi hata hamkujua mnapika nini. Mimi ndiye niliyejua."

Mtoto ana meno mawili sasa, anaguguna ganda la brusketa, na bado anaitwa Mtoto. Ahadi ni deni, na Dama anawapenda wote. Haya, ninyi mnaomeza mate hapo: nani alistahili? Mtoto wa watu aitwe nani?